Shati Namba Moja Halina Chumvi

Wapo watu wanaosoma nyota, wapo wanaosoma viganja, na wapo waliosoma mpaka vyeti vikajaa kabatini na bado kifungo cha shati kinawashinda. Mama Pasi alisoma makwapa. Msicheke. Miaka thelathini na mitano ndani ya chumba cha nyuma cha duka la dobi, chini ya bati, kati ya mashine mbili za kufulia na pasi ya mvuke yenye tabia ya kutema maji ya moto bila kuaga, humfunza mtu mambo ambayo hakuna chuo kinachoyatolea cheti.

Mbele ya duka kulikuwa na kaunta ya kioo na feni ya kuwapepea wateja. Nyuma hakukuwa na feni, kwa sababu tajiri mwenye duka aliamini upepo unapeperushia nguo vumbi. Kwamba Mama Pasi naye anavuta pumzi, habari hizo zilikuwa hazijamfikia. Basi mama wa watu alijiwekea jagi lake la plastiki lenye kifuniko: maji, sukari kidogo, na chumvi ya kuchota kwa ncha za vidole. Akiona kiu, anakunywa. Asipoona, anaendelea na kazi. Utaalamu wake wote uliishia hapo, na kwa utaalamu huo hajawahi kudondoka hata siku moja, ilhali watu watatu walioletwa kumsaidia kwa nyakati mbalimbali walitoka humo wameshikwa makwapa.

Ukutani, kwa rangi nyekundu, tajiri alikuwa ameandika: NGUO YAKO, SIRI YETU. Maneno hayo hayakuwa mapambo. Dobi huona mengi. Huona rangi ya midomo kwenye kola ya mtu ambaye mkewe hapaki rangi. Huona karata mfukoni mwa mkaguzi wa shule. Bibi aliyemfundisha Mama Pasi kazi alimwambia siku ya kwanza, "Mwanangu, dobi ana macho, hana mdomo. Siku utakayoota mdomo, tafuta kazi nyingine." Mama Pasi akaishika hiyo kama kiapo. Ndiyo maana hata watu wasiosalimiana walileta nguo zao duka moja, zikazunguka pamoja kwenye mashine moja, kwa amani ambayo wenyewe iliwashinda.

Sasa, huyu mama alikuwa na mdogo wake, wa kiume, mmoja tu. Mama yao alifariki yeye ana miaka kumi na sita na mdogo wake tisa. Akaacha shule, akashika pasi. Yule mdogo alikuwa na shati moja la shule, na kila jioni dada alilifua, na kila asubuhi alilimalizia unyevu kwa pasi ya mkaa huku mtoto amesimama pembeni kifua wazi, akiuliza kila dakika, "Limekauka? Dada, limekauka? Nitachelewa." Shati hilo ndilo lililomfikisha ofisi ya kusajili vizazi na vifo, akawa karani mwenye mwandiko mzuri kuliko wote. Watu walisema kufa kwenyewe ni kubaya, lakini ukiandikwa na Karani angalau umeandikwa vizuri.

Tangu apate kiti cha kuzunguka, Karani hakuwahi tena kukanyaga chumba cha nyuma. Akija kumsalimu dada yake alisimama mlangoni, leso puani, akisema humo mna joto. Hewala. Ugunduzi huo ulimchukua miaka mingi ya elimu.

Alipotimiza arobaini na minne, daktari alimpima, akamtazama tumbo, akamwambia, "Punguza hilo kabla halijakupunguza wewe." Karani akashtuka, akajiunga na klabu ya mbio iliyoitwa Miguu Mepesi. Wanachama kumi na wanane, na kama kulikuwa na miguu mepesi kati yao basi iliachwa nyumbani. Lakini walikuwa na fulana za mbio za rangi ya buluu iliyokolea, zenye kola na vifungo shingoni, walizoziita mashati, kila moja na namba mgongoni. Na walikuwa na Kocha.

Kocha alivaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Alivaa shati namba moja, filimbi shingoni, na alikuwa na jibu la kila swali, hasa maswali ambayo hujayauliza. Alisema yeye hukimbia alfajiri peke yake, maana hakuna anayeimudu kasi yake. Tena aliuza poda. Pakiti za fedha zinazong'aa, zimeandikwa CHEMCHEMI, na chini yake: Haina chumvi. Haina sukari. Haina madhara. Unaimimina kwenye chupa ya maji ya nusu lita, inageuka njano, unakunywa, unakuwa mwanariadha.

Karani alimletea dada yake pakiti moja, akaionyesha kutoka mlangoni.

"Dada, hii ndiyo siri ya wakimbiaji wa kimataifa kwenye joto."

"Ina nini ndani?"

"Haina chumvi, haina sukari, haina..."

"Nimekuuliza ina nini. Wewe unanitajia visivyokuwemo."

Karani akaigeuza pakiti, akasoma nyuma, akaigeuza tena. "Ina ladha ya nanasi."

"Hongera, mdogo wangu. Umenunua maji yenye kumbukumbu ya nanasi."

"Dada, haya ni mambo ya sayansi. Kocha anasema ukisubiri kiu, umeshachelewa. Chupa moja kila kilomita mbili, kiu iwepo isiwepo. Na chumvi ni adui wa presha."

"Njoo uonje maji yangu haya."

"Hayo ni ya watoto wanaoharisha," Karani alisema, akaondoka na sayansi yake kwenye mfuko wa koti.

Kila Jumatatu mfuko wa mashati ya klabu uliletwa kwa dobi, na Mama Pasi akayatoa moja moja kama anayechambua mboga. Jasho likikauka kwenye kitambaa cha rangi nzito huacha mistari myeupe, na hiyo mistari ni maandishi kwa anayejua kusoma. Wengine huacha kidogo, wengine hawaachi kabisa. Namba kumi na saba, la Karani, lilikuwa limepakwa chokaa: mgongo mzima, makwapa, kifuani, mpaka likasimama lenyewe mezani kama limekuja kumuulizia mwenyewe. Mama Pasi alimwambia, maana siri ya mteja si dhambi kumwambia mteja mwenyewe. "Mwili wako unamwaga chumvi nyingi. Irudishe kidogo."

"Ndiyo raha yake!" Karani alijibu. "Sumu inatoka."

Halafu kulikuwa na namba moja. Ah, hilo. Hilo lilikuja linanukia manukato. Halina chumvi, halina jasho, halina hata vumbi. Mkunjo wa pasi ambao Mama Pasi aliupiga Ijumaa kwa mkono wake ulikuwa palepale Jumatatu, umenyooka, unaweza kukata nao karatasi. Kocha alikuwa akikimbia kilomita kumi na tano kila alfajiri bila kukunja shati. Wiki ya kwanza Mama Pasi alidhani ni bahati. Wiki ya tano alijua. Akatazama maandishi ya ukutani, akalikunja lile shati safi na kulitia kwenye mashine ili lifuliwe usafi wake.

Miezi mitano alinyamaza. Tusimseme vibaya, kazi ina adabu yake. Lakini wahenga waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa na duka la dobi, na bado walijua.

Jumapili moja klabu ilikwenda mazoezi marefu. Jioni yake Karani alikuja na mkewe kumsalimu dada nyumbani kwake. Uso wa Karani ulikuwa umeumuka, kichwa kinamuuma, na alikuwa ametapika mara mbili. Pete yake ya ndoa ilikuwa imezama kidoleni kiasi cha kutoonekana vizuri.

"Kocha amesemaje?" dada aliuliza.

"Amesema nilikunywa kidogo."

Mama Pasi alikishika kile kidole. "Mtu aliyepungukiwa maji anavimba? Mimi sijaona nguo ikikauka halafu ikawa nzito."

"Dada, mimi si nguo."

Wifi yake alimtazama Mama Pasi kwa jicho la kuomba msaada. Neno lilifika kwenye ulimi: huyo Kocha wenu hajawahi kukimbia hata kufukuza kuku. Lilifika, likageuka, likarudi lilikotoka. Alijikaza kisabuni, akasema tu, "Haya, pumzika." Baadaye alijilaumu kwa maneno hayo mawili kuliko lolote alilowahi kusema.

Ikaja siku ya mbio za kilomita ishirini na moja. Zilipangwa kuanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya jua kali, na zingeanza hivyo kama mgeni rasmi naye angekuwa na saa. Alifika saa tatu, akahutubia juu ya umuhimu wa afya mpaka watu wawili wakakaa chini. Wakati wote huo Kocha alikuwa akizungukazunguka na kreti: "Kunyweni! Jua hili halina mjomba! Kunyweni!" Karani, mwanafunzi mzuri tangu utotoni, alikunywa chupa tatu kabla ya filimbi kupigwa.

Mama Pasi na wifi yake walisimama kwenye utepe wa mwisho wakiwa na kanga ya kumfutia jasho na shati kavu la kubadilisha. Kocha ndiye aliyemaliza wa kwanza katika klabu, kama kawaida yake. Hakuna aliyemwona njiani, lakini mtu mwenye kasi huonekana wapi? Alishavaa medali, anapiga picha. Wengine wakaja mmoja mmoja, wanachechemea. Saa tatu na ushee zikapita tangu waanze. Karani hayupo.

Alipotokea, wifi yake alimshika Mama Pasi mkono mpaka kucha zikaingia. Karani alikuwa akiyumba kwenda pembeni, si mbele. Uso umejaa, macho yamepungua. Ule ukanda wa karatasi wa namba, aliofungwa mkononi asubuhi ukiwa unalegea, ulikuwa umezama kwenye nyama. Na shati namba kumi na saba lilikuwa jeupe. Likiwa mwilini kabla ya kukauka, lilikuwa jeupe.

Alivuka utepe, akamtazama dada yake, akatabasamu kama mtoto.

"Mama," alimwita. "Shati langu limekauka? Nitachelewa shule."

Kisha akatapika maji ya njano, magoti yakamwishia.

Watu wakajaa. Kocha akapenya katikati yao, chupa mbili mkononi, miwani yake imenyooka. "Amekauka huyu! Mpisheni apate hewa! Mpeni Chemchemi, mbili kwa mpigo!" Na umati mzima, kwa huruma na ujuzi ule wa watu wasiojua kitu, ukaitikia: mpeni maji, mpeni maji. Mtu mmoja alishamshika Karani kidevu kumfungua mdomo.

Mama Pasi aliipiga chupa ya kwanza kwa kiganja, ikaruka. Ya pili aliipokonya.

"Mama, unamuua!" Kocha alifoka.

"Ukimsogezea hiki kitu mdomoni," Mama Pasi alisema, "utakila wewe na kifuniko chake."

"Dada, tafadhali," wifi yake alilia, "labda wana haki, labda ana kiu..."

Na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Maana Mama Pasi hakuwa daktari. Alikuwa na pasi na miaka thelathini na mitano. Kama amekosea, basi anamzuilia maji mtoto aliyemlea, mbele ya mkewe, mbele ya watu mia, na atakufa kwa mkono wake. Lakini alikuwa amekishika kile kidole chenye pete, na kidole hakikusema uongo. Akamlalia mdogo wake kifuani, chupa ameibana kwapani mwake, akapiga kelele aitiwe mtu wa huduma ya kwanza.

Muuguzi alikuja, mwanamke wa makamo asiyekuwa na haraka ya maneno. Akabonyeza mkono wa Karani, alama ya kidole ikabaki. "Amekunywa kiasi gani?"

Wifi akahesabu, midomo inacheza. "Tatu kabla ya kuanza. Moja kila kilomita mbili. Kumi na tatu, dada muuguzi. Kumi na tatu za nusu lita."

"Zenye chumvi?"

"Hazina chumvi," Kocha alisema, kwa fahari ya mazoea.

"Asipewe hata tone," alisema muuguzi. "Gari liko wapi?"

Karani alilala hospitali siku nne. Pete ilibidi ikatwe. Daktari aliwaeleza kwa lugha nyepesi: huyu hakukosa maji, alizidishiwa. Alikunywa kuliko alivyotoka jasho, huku chumvi yake inamwagika, mpaka chumvi ya damu ikapungua kupita kiasi na ubongo ukaanza kuvimba. Mtu anayekwenda polepole kwa saa nyingi, anayelazimishwa kunywa bila kiu, ndiye huyo. "Zile chupa mbili zaidi," daktari alisema, akaacha hapo. Mama Pasi alikwenda akasimama kwenye korido, akageukia ukuta, akalia.

Sasa ungedhani hadithi imeishia hapo. Sikio la kufa halisikii dawa, bwana, wala halisikii dripu. Jumapili iliyofuata klabu ilifanya kikao cha kushukuru ukumbini. Kocha akasimama na filimbi yake.

"Ndugu yetu yuko nasi leo kwa sababu ya Chemchemi," alisema. "Mwili wake ulikuwa na akiba. Kosa lake ni dogo tu: alikunywa kidogo. Mbio zijazo, chupa moja kila kilomita."

Wakapiga makofi. Karani, amekaa mbele, amekonda, alama ya pete bado mbichi kidoleni, naye akapiga makofi. Kreti ikaanza kupitishwa. Mkono wa Karani ukanyooka kuelekea pakiti.

Mama Pasi alikuwa amekaa nyuma na mfuko wake. Ndani mlikuwa na mashati mawili ambayo hakuyafua Jumatatu ile ya baada ya mbio: moja kwa sababu mikono ilimgomea, na jingine kwa sababu halikuhitaji kufuliwa. Akainuka. Akasikia sauti ya yule bibi aliyemfundisha kazi, hana mdomo, hana mdomo, akaiacha iseme mpaka ichoke.

"Hili ni namba kumi na saba," alisema, akalikunjua. Lilisimama lenyewe, jeupe, kila mtu akaliona. "Na hili ni namba moja. Limekimbia kilomita ishirini na moja kwenye jua la saa sita. Lishikeni. Linuseni. Mkunjo huu niliupiga mimi Ijumaa. Wiki ile, na wiki zote za miezi mitano, hivihivi."

Shati likapita mkono kwa mkono. Mtu mmoja alilinusa, akakohoa kwa manukato.

"Mwili wangu umezoea," Kocha alisema. "Hautoi jasho ovyo."

"Basi hata poda huihitaji," sauti ilitoka nyuma, na ukumbi ukaangua kicheko.

Mama Pasi hakucheka. "Nilijua," alisema. "Nilijua nikanyamaza, kwa sababu ya maandishi ya ukutani. Huyu nimemlea kwa mikono hii, nusura nimzike kwa adabu ya kazi. Namba nne, namba tisa, namba kumi na mbili, na nyinyi mnamwaga chumvi kama yeye. Kunyweni mkiona kiu, na tieni chumvi kwenye chakula chenu. Nimemaliza. Anayetaka kunichukia, nipo dukani kuanzia saa mbili."

Kocha aliondoka siku hiyo akisema ana kikao kingine. Nasikia sasa anauza mafuta ya kuotesha nywele, kofia haimtoki kichwani.

Mama Pasi naye hakusalimika. Mji ulipata habari kwamba dobi ameota mdomo, na watu wakaanza kufua nguo nyumbani kabla ya kuzipeleka kwa dobi. Mkaguzi wa shule alileta suruali mifuko imepinduliwa nje. Tajiri alimtangazia kwamba mwisho wa mwezi aondoke, akaleta wa kumrithi. Wa kwanza alikaa mpaka saa tano asubuhi. Wa pili aliomba ruhusa ya kwenda kunywa maji, na mpaka leo hajayamaliza. Tajiri akatafakari, akarudi kwa Mama Pasi akiongea habari za hali ya hewa, na suala likafa hivyo.

Jumatatu moja, Karani alipita kaunta bila kusalimu, akapita feni, akasimama kwenye mlango wa nyuma. Alikuwa ametoka kwenye mazoezi ya asubuhi, maana sasa anakimbia kidogo na kutembea sana. Akatia leso mfukoni. Kisha akaingia ndani, kwenye joto, akalivua shati lake na kumnyooshea dada yake kwa mikono miwili.

"Dada," alisema. "Nisomee."

Mama Pasi alilitandaza chini ya taa, akalitazama mgongo, akalitazama makwapa, hana haraka.

"Ulikunywa ulipoona kiu?"

"Ndiyo."

"Na ulisimama kwa muuza magazeti."

Karani alitazama chini. "Dakika kumi."

"Robo saa," Mama Pasi alisema, akasukuma jagi lake upande wa mdogo wake. Karani alikunywa ya watoto wanaoharisha, akafuta mdomo, hakusema neno juu ya sayansi.

Shati hakulitia kwenye mashine. Alilifua kwa mkono, akalikamua, akalilaza mezani na kushika pasi. Mvuke ukapanda. Karani akasubiri pembeni, kifua wazi, mtu mzima na mvi zake, saa ya ofisi inakaribia, na hakuuliza kitu. Dada alipiga pasi mpaka unyevu wa mwisho ukaisha kwenye kola. Akamvalisha, akamfunga kifungo cha juu.

"Limekauka," alimwambia. "Nenda, utachelewa."